Nakala 6, vijana 19: miaka mitatu ya kikundi cha usomaji kwenye maktaba ya mkoa

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila baada ya wiki mbili tatu humu unafunguliwa uzi wa kulalamika kwamba vijana wa siku hizi hawasomi. Michango inaishia pale pale: simu, kubeti, wazazi wamejisahau. Sikuwahi kuchangia hata mmoja, maana kila Jumamosi saa 4 asubuhi nakaa na vijana wanaosoma, na nilikuwa sijui nianzie wapi kueleza. Leo nimeamua kuandika. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Mimi si mwalimu wala mkutubi. Ni mhasibu wa kawaida katika mji mmoja wa pwani. Mji wenyewe sitautaja kwa kuwa wengi wa vijana ninaowazungumzia bado wako shule. Mwaka 2022 nilikuwa nampeleka mwanangu maktaba ya mkoa kila Jumamosi na kumsubiri nje, chini ya mwembe. Siku moja mvua ikanikimbiza ndani. Ukumbi ulikuwa umejaa, kiti hakuna. Nikafurahi sana. Kisha nikatazama vizuri: ukumbi mzima hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeshika kitabu cha maktaba. Wote walikuwa na madaftari yao na notisi za kutoa kopi. Rafu zimejaa vitabu, na watoto wamezipa mgongo.

Nikaenda rafu ya fasihi ya Kiswahili, nikachomoa riwaya moja, nikafungua nyuma pale penye karatasi ya kugongewa tarehe ya kurudisha. Muhuri wa mwisho ulikuwa wa miaka tisa nyuma. Nikachomoa nyingine, hivyo hivyo. Nikamfuata mkutubi wa zamu kumuuliza. Akaniambia vitabu teule huazimwa kidogo msimu wa mitihani, vingine vinakaa tu. Nikamuuliza kipi kina nakala nyingi. Akanitajia Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo: nakala 6.

Hapo ndipo tulipoanzia, mimi na huyo mkutubi. Alibandika tangazo la mkono kwenye ubao wa mlangoni. Jumamosi ya kwanza walikuja wanne, mmoja wao mwanangu ambaye hakupewa nafasi ya kukataa. Kufikia mwezi wa tatu wa kikundi tulikuwa 19. Umri miaka 13 hadi 19. Wa shule za kata, wa shule za binafsi, na wawili waliomaliza kidato cha nne wakabaki nyumbani.

Nakala 6 kwa watu 19 maana yake watatu watatu kwenye kitabu kimoja, na sehemu moja wanabanana wanne. Haiwezekani kila mtu asome kimya kwa kasi yake. Basi tukawa tunasoma kwa sauti, kila mmoja ukurasa mmoja, kitabu kinazunguka. Sikupanga hivyo, ni uhaba ulituamulia. Leo hata ningeletewa nakala 40 nisingebadilisha.

Nieleze siku moja tu, mtaelewa kwa nini.

Tulifika pale watoto wa Mama N'tilie wanaporudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Zamu ilikuwa ya binti wa kidato cha pili ambaye mama yake anauza chapati na maharage stendi. Wote pale walilijua hilo. Akasoma nusu ukurasa akanyamaza. Kidole kiko kwenye mstari, hakiondoki. Nikataka kumwambia wa pembeni yake aendelee, mkutubi akanigusa mkono. Tukasubiri. Tulikuwa tunasikia bodaboda zikipita nje. Kisha akasema, bila kuinua uso: "Kwenye notisi zetu huyu mama kaandikwa mstari mmoja tu, kwamba ni mama mwenye mapenzi ya dhati kwa watoto wake. Mbona hakuna aliyeandika kwamba amechoka?"

Hapo moto ukawaka. Kijana mmoja akasema wa kulaumiwa ni baba. Mwingine akasema baba na yeye ni mtoto wa mtu, aulizwe alikuwaje hivyo. Mdogo kuliko wote akauliza ada ilikuwa shilingi ngapi, maana yeye amekuta ada za sekondari za umma zimeshafutwa, tangu Januari 2016. Binti wa shule ya kata akamjibu kwamba ada imefutwa lakini michango ipo, na yeye mwenyewe alirudishwa mwezi Machi. Yule wa shule ya binafsi alikuwa hajawahi kulisikia jambo hilo kutoka kwa mtu wa umri wake. Saa nzima hatukurudi kwenye kitabu. Na katika saa hiyo nzima, neno "dhamira" halikutajwa hata mara moja, wala "mbinu za kisanaa", wala "falsafa ya mwandishi".

Wakuu, hawa watoto tumewafundisha kupita mtihani wa kitabu bila kukifungua kitabu. Kuna vijitabu vya uchambuzi kila kona ya mji, dhamira zimeorodheshwa, wahusika wamegawanywa, mwanafunzi anakariri orodha na kuimwaga kwenye karatasi. Siwalaumu wao, hata mimi nilisoma hivyo. Lakini ndiyo maana nikiulizwa faida ya kikundi cha usomaji, alama naziweka mwisho. Cha kwanza naona ni kijana kusikia mdomo wake ukisema jambo ambalo hakuna aliyemwelekeza kulisema, na mwenzake wa rika lake akambishia kwa hoja, na wote wawili wakarudi Jumamosi inayofuata.

La pili ni gumu zaidi kulisema. Kulikuwa na kijana wa kidato cha tatu ambaye kila zamu yake ikifika alikuwa na mafua. Wiki ya nne nikakaa ubavuni kwake. Wenzake wakisoma, midomo yake inacheza, kidole kinapita chini ya maneno, lakini kidole kilikuwa kimeachwa nyuma mistari mitatu. Alikuwa anaunganisha silabi. Miaka tisa darasani, amefaulu kuingia sekondari, na hakuna aliyejua kwamba hawezi kusoma ukurasa wa Kiswahili. Darasa la watoto 80 linamficha mtu vizuri.

Sikumwambia kitu. Aliyegundua baada yangu ni mwenzake wa kitabu kimoja, kijana wa shule nyingine kabisa. Hao wawili wakawa wanaazima nakala siku ya Alhamisi, wanakaa nyuma ya nyumba ya mmoja wao, wanaurudia ukurasa wa Jumamosi hadi unakaa mdomoni. Mwezi Oktoba zamu ilipofika hakuwa na mafua. Alisoma ukurasa mmoja kwa dakika 9. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza akampa kitabu anayefuata kama kawaida, na sisi tukaendelea kama kawaida, ila mkutubi alitoka nje kidogo.

Nimejiuliza sana kwa nini jambo lile liliwezekana maktaba na halikuwezekana shuleni. Naona ni kwa sababu maktaba haina namba ya mtihani. Hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Haimuulizi mtu anasali wapi, wala anasoma shule gani, wala kama bado anasoma. Wale wawili waliomaliza kidato cha nne hawakuwa na mlango mwingine wowote mjini ambao wangeingia bila kuulizwa wametumwa na nani.

Nilipomsimulia mama yangu haya yote aliuliza swali moja: "Kama Mtu ni Afya?" Nikawa sijui anasema nini. Kumbe mwaka 1973 yeye alikuwa katibu wa kikundi kijijini kwao. Wanaoikumbuka kampeni ile ya afya watanisahihisha, lakini ilivyokuwa ni hivi: kwa wiki 12, watu wapatao milioni 2 Tanzania nzima walikaa kwenye vikundi, wanasikiliza kipindi redioni, kisha kiongozi anafungua kijitabu, kinasomwa kwa sauti, wanajadili, halafu wanaamua la kufanya. Viongozi wa vikundi waliopewa mafunzo walikuwa karibu 75,000. Vyoo vikachimbwa, madimbwi yakafukiwa. Wengi waliokuwa kwenye duara wakati ule ndio kwanza walikuwa wametoka kwenye madarasa ya kisomo cha watu wazima. Mama bado anakumbuka kwamba kijitabu kilikuwa kimoja, na aliyejua kusoma vizuri aliwasomea wengine. Nilidhani nimebuni kitu kipya, kumbe nimekiokota mahali wazee wetu walipokiacha.

Kwa wanaotaka takwimu za nje: OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi ambazo nyingi ni tajiri, wale wanaosimamia mtihani wa PISA kwa vijana wa miaka 15, walichapisha ripoti mwaka 2002 kuhusu usomaji. Vijana waliotoka kwenye familia za kazi za chini kabisa, lakini wanaopenda kusoma na wanasoma mara kwa mara, walipata wastani wa alama 540. Vijana wa familia za kazi za juu kabisa, lakini wasiopenda kusoma, walipata 491. Ripoti inaonyesha mambo mawili yanakwenda pamoja, haithibitishi kwamba moja limelizaa lingine, na nchi zilizopimwa nyingi ni tajiri. Hata hivyo mimi namba hizo nimeziandika kwenye karatasi na kuzibandika juu ya meza yangu ya kazini.

Makosa yetu nayo niyaseme. Mwaka wa pili nilianza kuandaa maswali. Nayaandika usiku, nayatoa kopi, nawagawia. Nikaona vijana wanaanza kujibu wakiniangalia mimi badala ya kuangaliana. Nikayachana. Mara nyingine tulimwalika mgeni, mtu msomi na mwenye nia njema, akahutubia saa moja na nusu juu ya umuhimu wa kusoma. Jumamosi iliyofuata walikuja saba. Ilituchukua miezi miwili kuwarudisha wengine. Na shule moja iliwakataza wanafunzi wake kuja, kwa maelezo kwamba wanapoteza muda wa kujiandaa na mtihani wa taifa. Tulipeleka barua mbili, hatukujibiwa. Binti mmoja wa pale aliniambia langoni kwa maktaba, "Mama, niwekee ukurasa wangu." Hilo limeniuma hadi leo.

Karibuni tujadili. Hasa wenye vikundi vyenu, njooni mseme mnafanyaje.

#2 Mchangiaji kutoka Mwanza

Mama, hongera kwa moyo huo, natanguliza heshima. Lakini naomba nikubishie kidogo.

Mdogo wangu amemaliza chuo miaka minne sasa, anaendesha bodaboda. Jumamosi asubuhi ndiyo siku ya abiria wa sokoni. Kijana kama huyo ukimwita aje kusoma riwaya unamnyang'anya hesabu ya siku. Vijana wetu wanalia ajira, na sisi tunawapa hadithi. Kwa huyu wangu, faida iko wapi?

#3 Mleta uzi

Mdogo wangu, swali lako ni la haki na sitalizunguka.

Mmoja wa wale wawili waliomaliza kidato cha nne ni dereva wa bodaboda. Anakuja saa 4, saa 5 anaondoka, na siku za mnada haji kabisa. Hakuna anayemuuliza. Mwaka 2023 alikuja na karatasi nne mfukoni zimekunjwa. Ulikuwa mkataba wa pikipiki, ile ya kupeleka hesabu kila wiki hadi chombo kinakuwa chako. Alikuwa ameshaambiwa asaini Jumatatu. Akauliza kama tunaweza kuusoma.

Tuliusoma vile vile tunavyosoma riwaya. Ukurasa mmoja kila mtu, kwa sauti, na yeyote akiona pagumu anasema "simama". Ukurasa wa tatu binti wa kidato cha kwanza, mtoto mdogo kabisa, akasema simama. Palikuwa na sentensi ndefu kwamba mwendeshaji akichelewesha hesabu siku tatu, mwenye chombo atakichukua na malipo yote ya nyuma hayatarudishwa. Yule dereva alikuwa ameusoma mkataba ule peke yake mara mbili na hakuiona. Sentensi ilikuwa na viunganishi vingi, mtu anapotelea katikati.

Alirudi kwa mwenye pikipiki akaomba siku saba. Akapewa tano. Mwaka uliofuata aliugua malaria, siku nne hakutoka. Pikipiki sasa ni yake.

Ajira sina ya kumpa mtu. Ila kijana anayeweza kusimama katikati ya sentensi na kusema "hapa sijaelewa" mbele ya watu, huyo kumdhulumu ni kazi. Na mazoezi ya kusimama hivyo aliyapata kwenye riwaya, kwenye kitu kisichomtisha, kabla hajayahitaji kwenye karatasi ya fedha.

#4 Mchangiaji, mkutubi

Naomba na mimi niseme, nipo kwenye fani hii mwaka wa 17, nimefundwa chuo cha ukutubi cha Bagamoyo kama wakutubi wengi wa nchi hii.

Mleta uzi ameligusa jambo ambalo sisi tunalijua na hatulisemi. Kumbi zetu zinajaa lakini vitabu havitoki. Watu wanakuja kutafuta meza, taa na utulivu, na hawana makosa, maana nyumbani wamelala wanne chumba kimoja. Sheria ya kuanzisha huduma ya maktaba Tanganyika ilipitishwa 1963, na Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu pale Dar es Salaam Desemba 1967. Nia haikuwa kujenga vyumba vya kujisomea notisi. Ilikuwa mwananchi aazime kitabu aende nacho kwao.

Watu wa nje hawajui kwamba idadi ya vitabu vinavyoazimwa ndiyo silaha yetu. Rafu zikijaa, vinavyotolewa kwanza ni vile ambavyo karatasi yake ya tarehe haina muhuri. Kikundi cha vijana 19 kikianza kuazima riwaya za Kiswahili, zile riwaya zinapata mtetezi. Kwangu tulikuwa na rafu mbili za fasihi ya Kiswahili, nikaambiwa nizibane iwe moja. Kikundi kilipoanza niliomba zibaki mbili, nikaonyesha rejista, zikabaki.

Kuhusu kelele, maana najua kila mkutubi atauliza hilo: usiwaweke kwenye ukumbi mkuu. Sehemu ya watoto ni tupu Jumamosi asubuhi katika maktaba nyingi, na kama kuna baraza au ua wa ndani ni bora zaidi. Mimi nawawekea mikeka.

Na wafundisheni namba za rafu. Fasihi ya Kiswahili iko 896.392, imeandikwa mgongoni mwa kitabu. Kijana akishaijua hiyo haji tena kaunta kuniuliza "nipe kitabu kizuri". Anakwenda mwenyewe, anasimama pale, anachomoa, anarudisha, anachomoa kingine. Napenda sana kuwaangalia wakifanya hivyo.

#5 Mchangiaji kutoka Nairobi

Salamu kutoka huku Kenya, ndugu zetu.

Sisi hapa Nairobi tuna maktaba ya McMillan katikati ya jiji. Ilifunguliwa 1931 kwa Wazungu pekee. Bibi yangu alikuwa anapita nje ya zile nguzo kubwa akienda kazini na hakuwahi kuingia. Matawi yake mawili yako mitaa ya watu wa kawaida, Kaloleni na Makadara, na yalikuwa yamechakaa vibaya. Mwaka 2017 Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha shirika la Book Bunk, wakashirikiana na kaunti kuyakarabati.

Nililojifunza ni kwamba kabla ya kupaka rangi waliwauliza wakazi wanataka maktaba iwe mahali pa nini. Watu wakasema wanataka pa kukutana. Sasa ukienda Kaloleni unapata watoto kila kona, hadithi zinasomwa, na wazee wa mtaa wanaingia. Ninawaunga mkono kwa hilo la kusoma kwa sauti. Mpwa wangu alikuwa hasemi Kiswahili sanifu hata kidogo, ni Sheng asubuhi mpaka usiku. Siwezi kusema ameiacha, na sitaki aiache, lakini siku hizi akinisimulia kitabu anabadilisha lugha bila mtu kumlazimisha.

Swali langu kwa mama: mnasoma Kiswahili peke yake? Vijana wetu mitihani yao mingi ni ya Kiingereza.

#6 Mleta uzi

Asante mkuu wa Nairobi.

Tulianza Kiswahili mwaka mzima bila kugusa Kiingereza, na nilibishana na wazazi juu ya hilo. Huku kwetu mtoto anasoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, anafika kidato cha kwanza, ghafla karibu kila somo ni Kiingereza. Pale ndipo wengi wanapofunga mdomo. Ukimwanzishia kikundi kwa Kiingereza unampa sababu nyingine ya kunyamaza.

Mwaka wa pili wao wenyewe ndio waliosema tujaribu. Tukachukua hadithi fupi ya kurasa sita. Tunasoma kwa Kiingereza, tunajadili kwa Kiswahili, na mwenye kutaka kusema Kiingereza aseme. Ilituchukua Jumamosi tatu kumaliza kurasa sita. Walikuwa wamezoea kubishia kitabu, kwa hiyo walikibishia na hicho. Kijana mmoja alisema, "Hili neno silijui lakini najua huyu mtu anadanganya." Nikajua tumevuka.

#7 Mchangiaji, mzazi

Dada mleta uzi, mimi nina mabinti wawili, 14 na 16. Nimesoma kila neno na machozi yamenitoka kwa yule wa dakika 9. Lakini niulize kama mzazi. Wavulana wa miaka 19 na binti yangu wa miaka 14 chumba kimoja, wewe mtu baki, Jumamosi. Usinielewe vibaya. Nitajuaje yuko salama?

#8 Mleta uzi

Dada yangu, ungekuwa mzazi wa ajabu kama usingeuliza.

Watu wazima ni wawili kila Jumamosi, na mmoja lazima awe mfanyakazi wa maktaba. Akikosekana mmoja, kikundi hakifanyiki, na imetokea mara tano tukawarudisha. Mlango haufungwi. Tunaanza saa 4 na saa 6 kasoro robo tumemaliza, ili hata wa mbali afike kwao kabla ya adhuhuri. Mzazi wa aliye chini ya miaka 18 anasaini fomu, na ana ruhusa ya kuja kukaa nyuma siku yoyote bila taarifa. Baba mmoja alikuja wiki sita mfululizo kwa mashaka, wiki ya saba akaomba zamu ya kusoma. Namba za simu za watoto sizichukui, matangazo yanapita kwa wazazi na kwenye ubao wa maktaba. Hatuna kundi la WhatsApp la vijana na watu wazima pamoja. Waliliomba, nikakataa, nikawaeleza sababu.

Njoo nao Jumamosi moja kwenye maktaba ya mkoa wenu, muulize mkutubi kama kuna kikundi. Kama hakuna, kaa naye mwongee. Wewe ndiye mtu mzima wa pili.

#9 Mchangiaji kutoka Rukwa

Mada nzuri sana. Sisi wilayani kwetu maktaba hakuna. Kuna ofisi ya kata na shule ya msingi yenye kabati moja la vitabu, ufunguo anao mwalimu mkuu. Huu mpango unatufaa au ni wa watu wa mijini?

#10 Mleta uzi

Unawafaa, na pengine kuliko sisi.

Hata hapa nchini watu wameshafanya hili bila jengo. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza 1991, umekuwa ukisimamisha mahema ya usomaji kwenye viwanja: vitabu vinatandazwa, watoto wanaingia, wanasomewa, wanasoma. Hema ni kivuli tu. Mwembe nao ni kivuli.

Anza na lile kabati. Nenda kwa mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kijiji pamoja, usiende peke yako, mwombe muda wa Jumamosi mmoja na yeye au mwalimu mwingine awepo. Hesabu nakala. Ukipata mbili za kitabu kimoja zinatosha vijana wanane, mnazungusha. Ukipata moja, kiongozi anasoma na wengine wanasikiliza, halafu kitabu kinapita mkono kwa mkono. Chagua kifupi, mkimalize ndani ya mwezi, maana kijana ambaye hajawahi kumaliza kitabu hata kimoja anahitaji kuufikia ule ukurasa wa mwisho mapema. Weka daftari la kuazima, andika jina na tarehe, hata kama ni daftari la kurasa 48. Usitoe zawadi kwa msomaji bora. Usialike mgeni wa kuhutubia. Wakinyamaza, nyamaza nao.

Nakala 3 za kile kitabu chetu cha kwanza ni za kwangu binafsi, nilizinunua baadaye kwa kuhofia za maktaba zitachanika. Hazijachanika. Nitumie ujumbe wa faragha uniambie basi gani linafika kwenu, nizifunge nizipeleke stendi Ijumaa.